Mafuta ya Ng'ombe na Uso wa Binti Yangu

Aliyeniambia kwamba binti yangu anajichubua uso hakuwa mtu. Alikuwa ng'ombe wangu wa maziwa, mpole kuliko wanawake wengi ninaowajua, na asubuhi hiyo alipiga ndoo teke nikalowa maziwa hadi magotini. Nikamtukana. Nikachota tena mafuta ya kukamulia, nikampaka chuchu, akanipiga teke la pili. Kesho yake ikawa vilevile. Siku ya nne ngozi ya chuchu mbili ilianza kutoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Huku kwetu mafuta ya kukamulia si ya ng'ombe peke yake. Unampaka ng'ombe, unajipaka mikono, mtoto anapakwa miguu kabla ya kwenda kanisani. Mkebe mmoja ni wa boma lote. Basi niliponusa ule mkebe na kusikia harufu ya maua, nilimwita binti yangu wa pili. Alikuwa na miaka kumi na sita, yuko kidato cha pili. Katika nyumba yetu hakuna aliyekuwa amefika huko. Mimi mwenyewe niliachia darasa la tatu.

"Umetia nini kwa huu mkebe?"

"Mkebe gani, mami?"

"Nikikuuliza, usiniulize."

Akaangalia chini. Hapo ndipo nilipomwona. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa, na shingo ilikuwa ileile niliyomzaa nayo. Sijui ilikuwa imechukua wiki ngapi. Sisi wazazi wa wakati ule hatukuwaangalia watoto usoni. Tuliangalia kama wamekula, kama wamefua, kama kuni zimeisha.

"Ni krimu," akasema. "Ukiipaka peke yake inachoma. Wasichana wa shule wanasema uichanganye na ya ng'ombe."

"Na ng'ombe naye alikuwa anataka kuwa mzungu?"

Akacheka. Hata mimi nusura nicheke. Lakini nilikuwa nimelowa maziwa siku nne, na mtoto akicheka mbele ya mzazi aliyekasirika, kwangu hiyo ilikuwa dharau. Nilimpiga kofi kwenye shavu hilohilo alilolichubua.

Nilijua jambo hili limetoka wapi. Miaka ile baada ya uhuru, kahawa ikiwa bado na bei, kulikuwa na gari la sinema likija kwenye uwanja wa mpira karibu na Gatitu. Lilileta kitambaa cheupe, jenereta, na mwanamume wa kupiga kelele na spika. Watoto wa kijiji chote waliteremka. Mara moja nilienda na akina mama wengine, tukasimama nyuma tukiwachunga. Sinema yenyewe ilikuwa ya watu wanaopigana risasi juu ya farasi, haikunitisha. Katikati wakaisimamisha ili watangaze vitu vya kuuza. Msichana mweusi amekaa peke yake kwenye densi, hakuna anayemshika mkono. Anajipaka krimu. Ukipepesa jicho amekuwa rangi ya ndizi mbivu, na kijana mwenye gari anamfungulia mlango. Watoto wakapiga miluzi.

Mimi nikasema moyoni, hawa ni watu wa kitambaa, kitambaa kikikunjwa wameisha. Gari likaondoka na wale watu wakabaki. Vijana wakaanza kuvaa suruali za kupanuka chini, zikafagia matope ya mvua, na viatu vyenye soli kama matofali, wakianguka kwenye mteremko wetu kila wiki. Wasichana walikata picha kwenye magazeti wakazibandika ukutani kwa uji. Chumba cha binti yangu kilijaa wanawake wa rangi moja, wote wakinicheka.

Nilichukua ule mkebe nikashuka nao mjini Nyeri, kwa duka la mama mmoja Mwislamu niliyekuwa nikinunua kwake miaka mingi. Ukoo wao ulikuwa mjini tangu wazungu wafungue barabara.

"Hii sumu ni wewe umeuzia mtoto wangu?"

"Karibu kwanza, mama. Salamu ni bure."

"Sikuja kusalimiwa."

"Haya. Nauza, ndiyo. Wanatoka Nanyuki, wanatoka Karatina, hata mke wa mhubiri hutuma mtu. Nikikataa mimi, jirani anauza." Akapunguza sauti, maana kulikuwa na wateja. "Lakini na mimi nikuulize, usikasirike. Nani alimwambia binti yako kwamba yeye ni mweusi? Mtoto hazaliwi akijua."

Niliondoka bila kumuaga.

Jibu nilikuwa nalo. Binti yangu wa kwanza alizaliwa maji ya kunde. Wanawake waliokuja kumwona mtoto walimbeba wakasema, huyu ataleta mbuzi wengi wa mahari nyumbani. Yule wa pili alipozaliwa walisema, ni msichana, Mungu asifiwe, wakamrudisha kitandani. Na mimi alipoanza kutembea nilikuwa nikimwita, "Njoo hapa, sufuria yangu." Ilikuwa mapenzi. Sufuria, hata ikiwa nyeusi kwa moshi, ndiyo inayotulisha. Alikuja mbio akicheka. Kuna siku aliacha kucheka akawa anakuja tu, na sikuona ni siku gani. Lile gari la sinema lilikuta mlango umeshafunguliwa kutoka ndani.

Haya yote niliyajua nikipanda kilima kurudi nyumbani. Ningeweza kumketisha nikamwambia. Lakini kuongea na mtoto mambo kama hayo hatukufundishwa. Tulifundishwa kuadhibu, na hiyo kazi niliijua sana.

Shule ilifungwa mwezi wa Desemba. Nilitupa krimu chooni, nikabandua wale wanawake wote ukutani, nikampeleka kwa kiwanda cha kahawa, sisi tunasema fakitori, mahali nilipokuwa nafanya kazi ya kugeuza kahawa kwenye meza za kuanikia.

"Utageuza kahawa mpaka shule ifunguliwe," nikamwambia mbele ya wote. "Na kitambaa kichwani hutavaa. Hiyo rangi jua litakurudishia."

Wanawake wenzangu wakanisifu. "Huyu ndiye mzazi! Wangu nitamleta kesho."

Kahawa iliyooshwa ni kitu cha kudekezwa. Jua la saa sita likiipiga, ganda linapasuka, na ganda likipasuka bei imeanguka. Kwa hivyo kila siku, jua likifika utosini, karani alipiga filimbi na sisi tukakimbia na magunia, tukaifunika kahawa meza kwa meza. Halafu tukaenda chini ya paa la stoo kula githeri, mahindi yetu na maharagwe. Binti yangu nilimwacha kule nje, aokote punje zilizoanguka kwenye nyasi. Nilikuwa nikimwona kutoka kivulini, ameinama kati ya meza zilizofunikwa.

Wiki ya pili alinijia. "Mami, uso unawaka."

"Uwake. Hata ukipaka ile krimu ulikuwa unawaka."

Akarudi kuokota punje. Wiki ya tatu yalitokea madoa chini ya macho, meusi yenye ubluu, kama mahali pamegongwa. Nikasema ni rangi inarudi. Yakashuka mashavuni, yakakutana juu ya pua. Paji la uso likafanya malengelenge, yakapasuka, yakaacha ngozi ngumu yenye vipele. Karani ndiye aliyeniambia, "Mama, huyu mtoto mrudishe nyumbani," na hata hapo nilimaliza siku.

Januari nilimpeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana. Alimshika kidevu, akageuza uso wake huku na huku kwenye dirisha.

"Ulipaka nini?"

Akamwambia.

"Na ulikuwa unakaa juani?"

"Ndiyo."

"Ngozi ikishachubuliwa haitakiwi kuona jua hata kidogo. Hii ya kuchubuka tu ingepona. Nani alikupeleka juani?"

Binti yangu aliniangalia. Nikasubiri anitaje. Nilikuwa nimeshika kikapu kwa mikono miwili.

"Nilienda mwenyewe," akasema.

"Itatoka?" Hilo niliuliza mimi.

"Inaweza kupungua. Kutoka, hapana."

Shuleni hakurudi. Nilimfungia vitabu, nikamtolea sare, akakaa kitandani akiangalia ukuta. Mwalimu mkuu alingoja muhula mmoja, halafu nafasi akapewa mwingine, na sikumlaumu. Kanisani alianza kukaa nyuma ya nguzo, leso imepanda hadi machoni. Watu wakiuliza, nilisema alichomwa na mvuke wa sufuria kubwa. Nilidanganya kanisani, mimi niliyewachapa watoto kwa kusema uongo.

Msamaha sikumwomba. Kwetu mzazi haombi mtoto msamaha, na hata ningetaka, maneno yenyewe sikuyajua. Nilimchinjia kuku. Akala, akasema, "Asante, mami," akaosha sahani.

Nilikuwa nimebaki na kitu kimoja cha kujifariji. Nilisema, angalau wengine watajifunza. Wasichana wa hapa watauona huo uso na wataogopa. Niliona hiyo inaweza kuwa faida yake, kama kuna faida.

Mwezi wa Agosti shule zilipofungwa, watatu walikuja kumwona, waliokuwa darasa moja naye. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikipukuchua maharagwe, ukuta wa mbao katikati yetu. Walikaa naye vizuri, wakampa habari za shule. Halafu mmoja akauliza polepole, kama mtu anayeuliza njia:

"Wewe ulikuwa unapaka gani?"

"Ya kopo la kijani."

"Si nilisema!" Mwingine akapiga makofi. "Hiyo ni ya bei rahisi, hiyo ndiyo inaharibu watu. Sisi tuko na ya kopo jekundu."

Nilisimama. Maharagwe yakamwagika. Nilitaka kuingia na mwiko wa ugali, niwafukuze mmoja mmoja hadi kwa mama zao. Ndipo nikasikia sauti ya binti yangu, na haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mkubwa akiwaelekeza wadogo zake.

"Krimu si mbaya," akawaambia. "Mimi nilikuwa nimeanza kutoka vizuri kabisa, hata nyinyi mliniona. Mimi niliharibiwa na jua. Nyinyi pakeni, lakini msitoke nje mchana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Mwambieni mama kichwa kinauma."

Wakacheka, na yeye akacheka nao. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu asubuhi ya ng'ombe. Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari kwenye kizingiti. Nilifikiri ningewaambia nini, mimi, juu ya jua. Nikarudi nyuma ya nyumba nikaanza kuokota maharagwe kwenye mchanga.