Siku Baada ya Salongo

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hunijia kila ninapowaona ninyi vijana mkipanda kilima na majembe begani, mkiimba. Jana mlipita hapa kwangu Bulengera mkienda kupanda miti, nami nilifurahi. Hofu nayo ikaniingia.

Nilikuwa msichana kule Kipese. Chemchemi yetu ilikuwa inakauka, kwa sababu mzee Paluku alikuwa amepanda mikaratusi pembeni yake, na mti ule hunywa maji kuliko ng'ombe. Usimlaumu. Sote tuliipenda mikaratusi, maana hukua upesi na kutoa mbao, na mzee alikuwa akizingojea mbao hizo kwa nyumba ya mwanawe. Siku ya salongo, kazi yetu ya pamoja, kijiji kizima kilikwenda na mapanga kuikata kabla haijakomaa. Hakuna aliyemwomba ruhusa.

Tulimkuta amesimama mbele ya miti yake, shoka mkononi.

"Mimi ndiye nilipanda," alisema, "mimi ndiye nitakata."

Akauangusha wa kwanza, kisha akatuachia mingine. Tulipomaliza kupanda miche ya miti ya kwetu, tulipiga makofi na kucheka. Yeye hakucheka.

"Leo muko bengi na munaimba. Lakini kiangazi ikifika, nani ataletea hii miti maji?"

"Sisi bote, papa!" tulimjibu.

Kiangazi kilifika. Nilishuka kuchota maji nikamkuta peke yake, mgongo umepinda, anamwagilia miche kwa bidoni, dumu la maji. Mingi ilikuwa imeshakauka. Hakunigombeza, alinipa bidoni tu, akaketi apumzike. Nililia pale pale, sikufichi, maana aliyepoteza nyumba ya mwanawe ndiye pekee aliyerudi.

Tulimwagilia pamoja mpaka mvua ikanyesha. Miaka ikapita, chemchemi ikajaa tena. Leo ndugu zetu waliokimbia vita upande wa Beni wanachota pale, na hakuna anayewafukuza, kwa kuwa maji yanatosha wote.

Basi nakuomba hivi, mwanangu. Kabla hujakata mti wa mtu, nenda ukaongee naye nyumbani kwake. Na ukishapanda, rudi bila kuitwa, siku ambayo hakuna wimbo wala wa kukupiga picha. Kiangazi kiko njiani, na magoti yangu hayanifikishi tena kule juu. Mungu akupe miguu ya kurudi, na wajukuu zako wakute maji pale ulipoyaacha.