Yowe Liliishia Barabarani

Pamba mbichi inanukia vumbi, jua na mafuta ya mbegu, na kwa mbali dawa ya wadudu inayokuwasha puani. Msimu wa mavuno nyumba yetu, ndani kidogo ya barabara ya Kisesa kwenda Magu, ilijaa pamba hadi chini ya dirisha, na sisi watoto tukalala juu yake kwa furaha ambayo godoro lolote nililonunua ukubwani halijanirudishia. Mdogo wangu Kabula, aliyekuwa amejua kutembea lakini kusema bado, hakuweza kuona rundo la pamba asilipande na kusinzia. Mama alikuwa akicheka kwamba huyu ataolewa na mnunuzi wa pamba.

Hivyo ndivyo alivyopotea. Asubuhi moja mzee mmoja wa kukodiwa, mgeni kwetu, alipita na mkokoteni wake wa ng'ombe akikusanya pamba nyumba hadi nyumba ili aipeleke kituoni Kisesa. Magunia yalipangwa pembeni, katikati ikamwagwa pamba iliyokosa magunia. Wakubwa walikuwa wanahangaika na kamba. Mkokoteni ukaondoka, na baadaye kidogo mama akaita, "Kabula!" Akaita tena. Wakati huo hakuna aliyewaza mkokoteni. Sote tuliwaza lambo la kunyweshea ng'ombe, maana ndilo lililokuwa karibu, na lilikuwa limekwisha kumeza mtoto wa watu mwaka uliotangulia.

Bibi yangu akapiga yowe. Asiyekulia Usukumani hawezi kujua sauti ile inavyofanya kazi. Ukilisikia unalipokea, unalipiga wewe kwa jirani yako wa mbele, kisha unaacha ulichoshika na kukimbilia lilikotoka. Nilisimama uani nikalisikia likipokewa kilimani, kisha nyuma ya kilima, kisha mbali hata sikujua kama bado nasikia au nakumbuka. Muda mfupi tu uwanja ulijaa watu, wengine bado wana pamba mikononi. Wanaume waliingia lamboni wakashikana mikono na kulipapasa hatua kwa hatua. Mama alikaa kwenye matope ya ukingoni, na kila mguu wa mtu uliponasa kwenye kitu, alifumba macho.

Hawakupata kitu. Mchana ukaja mtu kutoka ng'ambo ya kilima, anahema, kutuletea habari kwamba kuna mtoto amepotea. Tukamwambia mtoto mwenyewe ni wetu. Akaja mwingine na habari hiyo hiyo. Yowe lilikuwa limezunguka kwa ndugu, majirani na wakwe, likafika kwenye barabara ya lami, na kwa kuwa ng'ambo ya barabara hatukuwa na ndugu, likageuka na kuturudia. Na kwa utii ule ule wa desturi, wote waliotujua walikuwa wamekusanyika uani kwetu. Kule barabarani hakukubaki mtu wa kwetu hata mmoja wa kusikia lolote.

Jua lilipoanza kulegea akaingia Mama Nyanjura na baiskeli yake. Huyu alikuwa Mjita, muuza dagaa aliyetoka ziwani na kupita kwetu siku ya zamu yake. Hatukujua kama Nyanjura lilikuwa jina lake au la mwanawe. Alitupimia dagaa, akanywa maji, akaondoka. Ujirani wetu uliishia hapo. Alishangaa umati, akamwamkia bibi, "Shikamoo, kuna msiba?" Akaelezwa.

"Huyo mtoto ana kigauni cha njano?" akauliza. "Basi nyamazeni. Yuko Kisesa, dukani kwa Mama Bhavna, anakula andazi."

"Umemwona mwenyewe?" Bibi hakutaka kuamini haraka.

"Nimempakata mwenyewe, mama. Na hii khanga amenikojolea."

Mama Bhavna alikuwa Mhindi aliyezaliwa pale pale Kisesa, na Mama Nyanjura alikuwa akinunua chumvi kwake. Mzee wa mkokoteni alimkuta mtoto ndani ya pamba wakati wa kushusha, hajui ni wa nyumba gani kati ya nyumba zote alizopita, akamwomba mwenye duka amshikie huku yeye akisubiri foleni ya mzani. Baba hakusikiliza hadi mwisho. Alirukia baiskeli ya mgeni na dagaa wake nyuma, akarudi jioni na Kabula, wote wawili wananuka samaki. Mama alimnyonyesha pale pale njiani, akilia kwa sauti bila kujali nani anamwona.

Leo nafundisha chuoni Mwanza elimu ya mitandao, na hapa sina maana ya simu. Tunachora watu kama nukta na kujuana kwao kama mistari. Wanafunzi hudhani nukta ya maana ni ile yenye mistari mingi. Ninawafutia nukta ya namna hiyo ubaoni, na habari zinaendelea kupita kwingine. Kisha nafuta ile yenye mistari miwili tu, mmoja huku na mmoja kule, na ubao unagawanyika vipande viwili visivyosikiana. Nimelifanya somo hili miaka mingi, na bado linanitetemesha. Uhai wa mdogo wangu ulipita kwenye mstari mwembamba namna hiyo.

Siku hizi ukoo wetu una kundi la simu, na tangazo moja hunifikia mara nyingi kwa asubuhi moja, kila mjomba akidhani ndiye wa kwanza. Tumelitumia kumtafuta Mama Nyanjura, ambaye mwaka fulani aliacha tu kuja. Hakuna anayejua kijiji chake. Wa kutuunganisha na watu wake alikuwa yeye peke yake.

Kabula anaishi Buhongwa, na binti yake wa kwanza amempa jina Nyanjura. Kliniki wanamwuliza, shuleni wanamwuliza: Msukuma na jina la Kijita, imekuwaje? Kabla ya kujibu, Kabula huwauliza wao wanatoka kijiji gani, na kama huko kuna aliyewahi kuuza dagaa kwa baiskeli.