Kamba Nane kwa Baba, Kamba Nane kwa Shangazi

Admin, ficha jina langu, maana huku Magamba tunajuana wote. Mimi ni mzee wa miaka sitini na nne, nina mke, watoto watano na wajukuu. Msinipe pole. Ninachoandika kinanitia kinyaa mwenyewe. Anayetaka kunitukana anitukane, ila anishauri pia.

Miaka ya sabini nilikuwa darasa la saba, na hisabati ndiyo ilikuwa sifa yangu. Siku moja mwalimu alitupa kazi ya nyumbani: tuchore mistatili yenye mzingo uleule, kisha tutafute eneo la kila mmoja. Nikaifanyia uani, nachora vumbini kwa kijiti, baba akaja kusimama karibu. Nikaanza majigambo. "Baba, ona maajabu. Umbo hili ni mia kwa mia. Hili ni mia na sabini kwa thelathini. Ukiyazunguka yote mawili ni hatua mia nne, lakini hili la pili ndani yake ni kama nusu tu ya lile la kwanza." Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Na mtu ambaye hakusoma anaweza kulijua hilo?" Nikacheka, nikasema hawezi. Nilidhani ananisifia.

Wakati huo shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa amefiwa na mume, amerudi nyumbani na watoto watatu. Bibi akaamuru shamba la marehemu babu ligawanywe sawa kwa sawa. Jumamosi iliyofuata baba akatoka na kamba ya katani ya hatua hamsini. Akapima lake, la mraba, kulizunguka kamba nane. Akapima la shangazi, refu na jembamba kando ya barabara, kamba nane vilevile. Wazee wakahesabu kwa sauti, wakaridhika. Shangazi alipiga vigelegele. "Langu refu kuliko la kaka!" Kisha akanigeukia mimi, ambaye hadi leo ananiita baba. "Wewe ndiye msomi wetu, baba. Iko sawa hii?"

Baba alikuwa ananikazia macho. Nikasema, "Kamba ni nane kwa nane, shangazi."

Hata uongo sikusema, na hapo ndipo ninapojichukia zaidi. Mwezi haukuisha, baba akaninunulia mkebe wa hisabati dukani kule Majengo, bikari inang'aa, nikaupokea kwa mikono miwili.

Nilipofika sekondari tukapewa kazi ya likizo ya takwimu: mavuno ya nyumba mbili kwa miaka mitatu, wastani na grafu. Nikaenda kwa shangazi na daftari langu, bila haya. Akanitajia, "Mwaka juzi gunia tisa, mwaka jana nane, mwaka huu kumi. Kaka anapata mara mbili yangu na shamba ni sawa. Mkono wangu mbovu, baba, au nimelogwa." Binti yake mkubwa alikuwa ameshaachishwa shule akalime vibarua. Mimi nikaandika. Wastani tisa kwake, kumi na nane kwetu. Nikachora nguzo mbili, nikazipaka rangi vizuri, nikapata alama zote. Ptuu!

Baba alishafariki, shamba ni langu. Limenijengea nyumba na kusomesha wanangu. Shangazi amepita miaka themanini na bado anakula kinachotoka kwenye ule ukanda wake mwembamba. Sasa wapimaji wanakuja Jumatatu kupima mashamba yetu kwa ajili ya hati, na kila mwenye shamba lazima asimame mpakani na kusaini. Miguu yake haimbebi tena. Wanawe walitaka kusimama badala yake, akakataa. Alisema mbele ya watu, "Mwiteni baba yangu yule. Huyo hajawahi kunidanganya."

Nilimweleza mke wangu yote. Akasema, "Nyamaza. Shangazi yako ana siku ngapi? Nyie mkianza kufukua mambo ya zamani, watoto wetu watalima wapi?" Mwanangu mkubwa naye akasema hivyohivyo, huku anakula ugali wa shamba lile. Nilisukuma sahani, nikatoka nje.

Nishaurini jamani. Nikimwambia, nitamrudishia ardhi na kumnyang'anya mtu pekee anayemwamini. Nikinyamaza, Jumatatu nitasaini wizi huu kwa jina lake. Nifanye nini?