Mwaka Ambao Papa Hakuchoma Majani

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na asubuhi moja ya Juni nilimjia juu baba yangu mzazi kwa simu, nimekaa ofisini kwetu mjini, mtaa wa Makomeno, mbele ya kompyuta.

Kazi yangu ni kukadiria pumzi ya msitu. Setilaiti inapita juu, inapiga picha, nasi tunasoma rangi za majani ili tujue miti imevuta kaboni kiasi gani kutoka hewani, na udongo na moto vimerudisha kiasi gani. Palipoungua huonekana peusi, na peusi kwetu ni hasara. Asubuhi ile niliona weusi mwembamba umezunguka kijiji chetu, karibu na Lukafu, kama mshipi. Nikajua ni mkono wa nani, nikampigia papa, kama tunavyomwita baba kwetu.

"Papa, njo weye uliwasha moto?"

"Njo mimi. Majani ingali mubichi, moto inatembea polepole. Kila mwaka nafanya vile."

"Kila mwaka unaniaibisha! Mimi nahesabu kaboni hapa, weye unairudisha juu kule?"

Nikampa maneno ambayo mtoto hampi baba yake. Eti mambo ya kizamani. Eti hajui anachofanya. Mtu aliyenisomesha kwa kuuza mihogo, loo! Akasema, "Sawa, mutoto yangu. Weye njo ulisoma. Sitawasha tena." Nikakata simu kichwa kimenivimba, nikaenda kula bukari, ugali wetu.

Sikumuuliza kwa nini anachoma. Na jibu nilikuwa nalo tangu utoto! Kijiji kizima kilimwachia papa kuchagua siku. Alifikicha nyasi kiganjani, akasikiliza upepo shavuni, akasema "kesho", na kesho yake watu wakatoka na matawi ya kuzimia moto. Moto mdogo wa Juni huacha mkanda mtupu, ili ule mkubwa wa Septemba ukija, pori limekauka lote, ukose cha kula. Nililelewa ndani ya mkanda huo, jamani, nikaufuta akilini kwa sababu haukuwa kwenye hesabu zangu.

Mwaka uliofuata Juni ilipita, picha safi. Nikawaita wenzangu waje watazame. "Kwetu wameelewa," nikasema, na nilifurahi kwelikweli.

Septemba picha ikaja nyeusi, kutoka mtoni mpaka ng'ambo ya barabara. Nilipiga simu, haikuingia. Nikapanda gari la Lukafu.

Papa alikuwa hai, mikono imefungwa vitambaa. Nilimshukuru Mungu, nikalia. Lakini nyumba za upande wa mtoni zilikuwa majivu, na ghala la mahindi la jirani yetu, mama mjane, lilikuwa bado linafuka moshi. Hata miti mikubwa, ambayo moto wa Juni huilamba miguuni tu na kuiacha, ilikuwa imeungua hadi juu. Kaboni niliyojisifu kuiokoa ilikwisha kupanda yote, na nyingine nyingi juu yake.

Watu walikuwa wamekaa uwanjani. Yule mjane akamgeukia papa, akauliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma.

"Muzee, juu ya nini mwaka huu haukuchoma?"

Papa hakunitazama.

"Nilisahau, mama. Niko muzee sasa."

Alikuwa anakumbuka jina la kila mtoto aliyezaliwa pale. Lakini wakamwamini. Walitikisa vichwa kwa huruma, na palepale wakapatana kwamba kuanzia mwaka ujao siku ya kuchoma itachaguliwa na mtu mwingine, ambaye akili yake bado nzima. Walimuuliza kama anakubali. Akasema anakubali. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake, nikasikia yote, nikanyamaza.