Mizinga Sita Kutoka Ikutha

Misimu miwili mfululizo maembe yetu ya Mbumbuni yalichanua vizuri, kisha maua yakapukutika bila kushika matunda. Afisa wa kilimo alituuliza swali moja tu: "Nyuki wenu wako wapi?" Hatukuwa nao. Ndipo kikundi chetu cha wakulima kikanituma mimi, katibu, pamoja na mwenyekiti wetu, Mzee Mutiso, tukaombe ushirikiano na wafugaji wa nyuki wa Ikutha, ng'ambo ya mto Athi.

Alfajiri tuliondoka kwa pikapu ya Mzee Mutiso, mkataba ukiwa kwenye bahasha mapajani mwangu. Nilikuwa nimeuandika mwenyewe: walete mizinga arobaini, asali iwe yao, maembe yawe yetu. Niliuona wa haki kabisa.

Saa nne tulikuwa Makindu, tukanywa chai kwenye hekalu la Masingasinga, ambako msafiri hupewa chakula bila kuulizwa anatoka wapi. Kibwezi tuliiacha barabara ya Mombasa, tukavuka Athi, na Kitui ikafunguka mbele yetu: vichaka vya miiba hadi macho yanapokoma, kijivu, kimya.

Ikutha tulifika saa saba. Mwenyekiti wa wafugaji, Mama Kalondu, alitupa uji, akasoma mkataba polepole, mara mbili.

"Nani ameandika hii?"

"Ni mimi, Mama."

"Umeandika vizuri. Sasa nionyeshe pahali inasema nyuki wangu wakikufa itakuwa aje."

Kifungu hicho sikuwa nimekiandika.

Alituvalisha nyavu za uso, akatupeleka porini. Mizinga ya kwanza ilikuwa mitupu. Alisema kikundi kingine kiliiazima, kikapiga dawa ya wadudu maua yakiwa wazi, na nyuki wakarudi kufia mlangoni mwao.

"Hakuna mtu alikuja hata kuniambia pole."

Kisha akapuliza moshi, akafunua mzinga ulio hai. Sijawahi kuona kitu kama kile. Maelfu kwa maelfu walitembea juu ya masega, hakuna aliyemsukuma mwenzake, na mvumo wao ukaniingia hadi mbavuni. Nilisahau kuogopa. Mzee Mutiso alisimama kama mtu aliye kanisani.

"Mama," akasema hatimaye, "hata sisi tunapiga dawa wakati wa maua. Tulikuwa tumekubaliana tusikuambie."

Nilijua safari imeharibika. Mama Kalondu alirudisha kifuniko taratibu, akamgeukia.

"Sasa tunaweza kuongea."

Jioni tuliandika upya, sentensi yake, sentensi yangu. Hakuna dawa maua yakiwa wazi. Mfugaji mmoja akae Mbumbuni msimu wote, na awe na uwezo wa kuondoa mizinga bila kutuomba ruhusa. Arobaini alikataa. "Nitawapea sita. Mkiitunza, tutaongea tena."

Kesho yake tulirudi nyumbani kwa kikao kikali. Wakulima watatu walijitoa; waliobaki walitia sahihi. Msimu uliofuata mizinga ilifika, na asubuhi ya pili maua yalikuwa yakitetemeka kwa nyuki. Wiki chache baadaye, vitunda vya kijani, vidogo kama punje za ndengu, vilijaa matawini. Mzee Mutiso alivishika kimoja kimoja.

Zamani nilipotafuta ushirikiano nilianza kwa kutaja mema tunayoleta. Siku hizi, nikiketi na kikundi kipya, naanza kwa kuwaambia ni wapi tunaweza kuwaumiza.