Miti ya Utomvu

Kila nikimenya ndizi za kupika, harufu ya utomvu hunirudisha kitandani kwa mama. Mwaka ule ugonjwa ulikuwa umeingia karibu kila nyumba, na yeye alitetemeka kwa baridi hata jua likiwaka. Ukutani palikuwa na kalenda ya misheni yenye picha ya msitu wa Ulaya uliojaa theluji.

"Miti hii imekufa?" nilimuuliza.

"Imelala tu, mwana wange. Padri anasema baridi ikiisha inachipua. Nichoree hiyo nijifunike."

Tulishona vipande vya mashuka meupe juu ya blanketi kuukuu. Kisha nikachora miti kwa kijiti nilichochovya kwenye utomvu wa mgomba. Nilikuwa na mkono mzuri, sifichi. Lakini utomvu mbichi ni kama maji. Weusi wake huja baadaye, na ukishakuja hautoki.

Mama alilitazama blanketi, akacheka mpaka akakohoa. "Mbona umenichorea hewa?"

"Subiri kesho, utaiona."

Hakufika kesho. Asubuhi shangazi alitafuta cha kumfunika, akalishika blanketi langu. "Nani kaleta nguo ya madoa kwa marehemu?"

"Siyo madoa," nikamwambia. "Ni miti yake."

Alilikunjua, akaifuata miti myeusi kwa kidole, kisha akamfunika nalo hadi kidevuni.

Jana mjukuu wangu alitoka migombani, shati lote utomvu. Mama yake alitaka kulitupa. Nimelichukua mimi.