Mashamba Mangapi Yanatosha

Mwaka wangu wa kwanza kazini kama bwana shamba, wafanyabiashara walikuwa wameanza kuleta mbegu mpya za mahindi, nami nikatumwa Igamba kuzilinganisha na ile ambayo wenyeji walijihifadhia miaka yote. Nilichagua shamba la mjane mmoja, nikaligawa vipande sita: vitatu mbegu mpya, vitatu ya zamani. Mbegu mpya ilishinda kwa mbali. Nikamwambia yule mama msimu ujao apande mpya tupu, kisha nikapeleka ripoti.

Mkuu wangu wa kazi, mwanamke wa maneno machache, aliisoma akauliza, "Ukirudia mwakani, utapata hivi hivi?"

"Nadhani."

"Kwa vipande vitatu? Nenda kaliulizie vizuri hilo shamba."

Nilirudi. Mama alinionyesha upande wa bondeni. "Hapa palikuwa zizi la marehemu, bwana shamba. Ng'ombe wamelala hapa miaka." Karibu mbegu mpya yote niliipanda juu ya samadi ile.

Kwa aibu nikamuuliza nilichopaswa kuanza nacho: mbegu mpya izidishe mavuno kiasi gani ndipo aone inafaa kununua kila msimu?

"Magunia mawili kwa ekari. Pungufu ya hapo, sihangaiki."

Mkuu alichukua jibu hilo, akaangalia pia jinsi mavuno yanavyopishana shamba hadi shamba hata kwa mbegu moja, akapiga hesabu ya mashamba tutakayohitaji ili jibu liaminike. Mashamba ishirini na manane. Mafuta ya pikipiki yangu yangetosha kuzungukia nusu yake tu, nikaomba tupunguze.

"Ukipunguza ukakosa tofauti," alisema, "hutajua kama haipo au hukuiona."

Mama ndiye aliyezungumza na wenzake wa kwaya, wakakubali kutoa mashamba yao na kupima mavuno wenyewe. Kila shamba tuliligawa mara mbili, tukarusha sarafu kuamua mbegu mpya ikae upande upi.

Mavuno yalipopimwa, mbegu mpya ilizidi kwa chini ya gunia moja kwa ekari, tofauti ambayo bahati tu ingeweza kuileta. Niliwaeleza hivyo wakulima, wamekaa uani kwa mama.

Walipoondoka, mama alisema taratibu, "Mbegu yangu ya zamani niliisaga unga yote. Si uliniambia nipande mpya tupu?"

Kesho yake nilizunguka kwa majirani na debe mkononi, nikiomba mbegu ya zamani kidogo kidogo. Likajaa siku ya tatu. Alipolipokea alichambua punje chache kiganjani, akasema zinafaa, akanikaribisha chai.